Upepo wa Boti Haupimwi kwa Kiganja

(Haya ni maneno niliyosema mbele ya manahodha, mafundi na wavuvi wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Wengi walikuwa ziwani siku ile wakaomba wapate kuyasoma, kwa hiyo nayaweka hapa yote.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu wa mwalo, mama zangu mlioacha dagaa kwenye vichanja mkaja kutusikiliza, na ninyi vijana wa boti: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na wote kwa pamoja, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujaza upepo kwenye boti za mpira. Nilipokuwa naingia, kijana mmoja akanishika mkono akaniuliza: "Fundi, kujaza upepo nako kuna hotuba?" Kuna hotuba, mwanangu. Tena kwa ziwa letu hili la Tanganyika, lenye urefu wa kilometa 673 na kina kinachofika mita 1,470, kuna hotuba ndefu kuliko muda niliopewa.

Hapa Kibirizi sisi ni watu wa mbao. Mtoto wetu akiwa bado hajamaliza shule ya msingi, tayari anajua kalafati inapigwaje na msumari uliolegea unajulikanaje. Boti ya mbao ukiiacha jioni, asubuhi unaikuta na umbo lile lile. Boti ya mpira haiko hivyo. Unyoofu wake, uwezo wake wa kubeba injini na watu, vyote vinatokana na upepo uliomo ndani, na upepo huo unabadilika saa kwa saa. Unabadilika jua likipanda. Unabadilika boti ikigusa maji. Unabadilika hata ukiipakia boti kwenye gari ikiwa imejaa na kuipandisha Kasulu, kwa sababu kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa ya nje inavyopungua nguvu ya kuikandamiza.

Sasa naomba mnyooshe mikono. Nani hapa ana boti ya mpira, au anaendesha ya tajiri, au ya watafiti, au ya wageni? Asanteni, naona mikono mingi. Shusheni. Katika ninyi mlionyoosha, nani ana geji ya kupimia upepo wa boti? Siyo ya gari. Ya boti.

Mnaona wenyewe jinsi mikono ilivyopungua. Basi mnapimaje? Najua mnavyopima, nimewaona. Mnapiga bomba la pembeni kwa kiganja, mnasikiliza mlio, mnasema "imekaza, twende". Ndugu zangu, kiganja kinadanganya. Kitambaa kinene kinaonekana kigumu hata upepo ukiwa mdogo. Boti iliyokaa juani inalia vizuri, na dakika ishirini baadaye majini imelegea. Presha ya upepo inapimwa kwa bar, na gumba lako haliwezi kutofautisha bar 0.15 na bar 0.25, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ubao wa injini utatulia au utacheza.

Tuanze na namba. Boti ya mpira iliyotengenezwa vizuri ina kibao, mara nyingi kimebandikwa tezi, kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini. Kibao kinasema watu wangapi, mzigo kilo ngapi, injini ya nguvu gani. Presha ya upepo utaikuta hapo, au pembeni ya vali, au kwenye kitabu cha boti. Kwa boti nyingi za kawaida, mabomba ya pembeni yanataka bar 0.2 hadi 0.25. Kwa kipimo cha PSI hiyo ni kama 3 hadi 3.6. Sakafu ngumu ya upepo, ile yenye nyuzi nyingi ndani zinazoshikilia tabaka la juu na la chini, inataka zaidi, mara nyingi bar 0.7 hadi 0.8. Kwa hiyo boti moja inaweza kuwa na namba mbili tofauti, na ole wako uzichanganye. Msichukue namba zangu. Chukueni za kibao cha boti yenu.

Niliwahi kuletewa boti ambayo mwenyewe aliambiwa na aliyemuuzia: "Jaza tatu." Tatu ya nini? Hakuuliza. Aliyeuza alikuwa na maana ya PSI 3. Aliyenunua akachukua geji ya tairi iliyoandikwa bar, akaenda kwa mwenye kompresa barabarani, akaanza kuitafuta tatu. Bar 3 ni PSI 43.5. Hakufika. Mshono wa omo, yaani mbele ya boti, uliachia kabla mshale haujagusa hata moja, na ile boti ilikuwa bado inanuka upya.

Mtu ataniuliza: fundi, tairi la gari linabeba bar 2 na zaidi, na halina shida. Boti ni kubwa, kwa nini isibebe zaidi? Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, maana hili likiingia kichwani hutalisahau.

Nguvu inayovuta mpira haitokani na presha peke yake. Inatokana na presha na upana wa bomba kwa pamoja. Chukua presha, zidisha kwa nusu ya upana, unapata nguvu inayovuta kila sentimita ya mshono. Tairi la baiskeli lenye upana wa sentimita 4, likijazwa bar 3: bar 3 ni kama kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, mara sentimita 2, ni kilo 6. Sawa? Sasa bomba la boti lenye upana wa sentimita 40, likijazwa bar 0.25: robo kilo mara sentimita 20, ni kilo 5. Mmeona? Upepo ule mnaouita mdogo unavuta kitambaa cha boti karibu sawa na bar 3 kwenye baiskeli. Kwa kila mita moja ya mshono wa bomba hilo, ni nusu tani. Nusu tani, na kinachoishika ni gundi!

Ukiongeza mpaka bar 1, ambayo kwa tairi ni sawa na kuwa na pancha, umeweka tani mbili kwa kila mita ya mshono. Ndiyo maana nasema kompresa ya barabarani ikae mbali na boti. Ile mashine imetengenezwa kwa matairi. Upepo wake unaingia kwa kasi, na geji yake haina hata alama ya kusomea bar 0.25. Tumia pampu ya mguu, au ya mkono, au ya umeme wa betri iliyotengenezwa kwa boti. Hata ile ya umeme inayojizima yenyewe ikifika namba uliyoiwekea, ikishajizima, pima kwa geji yako.

Nimetisha watu kuhusu kuzidisha. Sasa nataka nigeuke upande wa pili, kwa sababu katika boti zinazofika mikononi mwangu, nyingi hazikuharibika kwa upepo kuzidi. Ziliharibika kwa upepo kupungua.

Mwenye boti anajiambia: nikiacha laini kidogo, mpira utadumu. Anaogopa kukanyaga pampu. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Boti laini haipumziki, inafanya kazi ambayo haikupangiwa. Kila wimbi linaikunja na kuinyoosha, na kila inapokunjwa, gundi ya maungio inachomolewa kidogo. Ubao wa injini unayumba mbele na nyuma kila unapoongeza mafuta. Mbao za sakafu zinasaga mpira chini yake, na kama mchanga umeingia katikati, zinasaga kwa kasi zaidi.

Nahodha mmoja wa hapa hapa, jina lake nalihifadhi, alipeleka wageni hifadhi ya Gombe msimu wa kusi. Kwenda hakukuwa na tabu, maana Gombe iko kaskazini na upepo ulikuwa unamsukuma mgongoni. Ni safari ya kilometa 16 hivi. Kurudi ndiko kulikomwonyesha. Upepo wa kusi uso kwa uso, mawimbi mafupi yamekaribiana, na boti yake aliijaza kwa kiganja. Kila ikipanda wimbi, omo inainuka, tezi inabaki chini kwa uzito wa injini, katikati panakunjika kama daftari. Maji yakawa yanaingia pale panapokunjika. Akipunguza mwendo, wimbi linalofuata linamfikia. Akiongeza, boti inakunjika zaidi. Wageni walichota maji kwa kofia zao. Walifika, tunamshukuru Mungu, na kila mmoja alikuwa amevaa jaketi okozi. Lakini boti ilipoletwa kwangu, ubao wa injini ulikuwa umeachana na bomba la kulia kiasi cha kuingiza kidole. Sikuona tundu hata moja. Sikuona mshono uliopasuka kwa presha. Boti nzima iliharibiwa na upepo pungufu kwa mchana mmoja.

Mama zangu mnaopanda boti hizi kama abiria, hili linawahusu pia. Mkiona bomba la pembeni lina mikunjo midogo midogo pale linapopinda kwenda omo, au mkiona sakafu inapanda na kushuka chini ya miguu yenu, muulizeni nahodha: baba, umepima upepo? Asikasirike. Ni haki yenu kuuliza.

Na msidhani boti ya mpira ni kitu cha kuchezea watoto. Mwaka 1952 daktari Mfaransa, Alain Bombard, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwenye boti ya mpira yenye urefu usiofika hata mita 5, kutoka visiwa vya Kanari hadi Barbados, siku 65. Ikitunzwa, inabeba.

Isipotunzwa je? Sikieni kisa cha zamani zaidi. Septemba 1843, afisa wa jeshi la Marekani aitwaye John C. Frémont alishuka na wenzake kwenye ziwa kubwa la chumvi, Great Salt Lake, wakiwa na boti ya kitambaa cha mpira. Maungio yake yalikuwa yamegundishwa tu badala ya kushonwa, na kazi ilifanywa vibaya. Wakiwa katikati ya maji, wanaelekea kisiwani, vyumba viwili vya upepo vikaachia. Ikabidi mvukuto ufanye kazi bila kusimama, upepo unaingia huku na kutoka kule, mpaka wakafika. Huyo alikuwa mpimaji wa nchi, ana watu na vifaa vya serikali yake, na uhai wao ukawa unategemea mtu anayevuta mvukuto. Wewe unayetoka mwalo wa Katonga na pampu umeiacha nyumbani, ukipungukiwa upepo katikati utafanya nini? Pampu isafiri na boti. Geji isafiri na boti. Kiraka na gundi visafiri na boti. Na gundi iwe ya kitambaa chako, maana PVC ina gundi yake na Hypalon ina gundi yake, na solusheni ya pancha za baiskeli haishiki hata moja kati ya hizo kama inavyotakiwa.

Twende kwenye jua. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowachanganya hata waliozoea.

Upepo uliofungiwa ukipata joto, presha inapanda. Kwa boti hizi, kila nyuzi joto 1 inaongeza au kupunguza bar 0.004 hivi. Utasema ni kidogo. Haya, tuhesabu. Umejaza alfajiri, hewa ina nyuzi 22, geji inasoma bar 0.25. Safi. Ukaiacha boti juu ya mchanga, mabomba yake ya rangi nyeusi yanalitazama jua. Saa saba mchana upepo wa ndani umefika nyuzi 45. Zimeongezeka nyuzi 23. Geji sasa inasoma karibu bar 0.34. Hakuna aliyegusa pampu. Boti imejizidishia yenyewe, na kumbukeni ile nusu tani kwa mita: sasa ni karibu kilo 700.

Geuza hesabu. Umejaza saa saba mchana, juani, ukafika bar 0.25 sawasawa kama kibao kinavyosema. Ukaisukuma ziwani. Maji yetu yana nyuzi 26 hivi. Upepo wa ndani ukishapoa kufikia hapo, geji inasoma bar 0.18. Umetoka ufukweni na boti sahihi, umefika mbele ya mlango wa bandari na boti laini. Nani ameiba upepo? Hakuna. Hakuna pancha wala vali mbovu. Ni joto limeondoka.

Kwa hiyo kipimo cha ukweli ni kile cha majini. Jaza ufukweni, ikiwezekana kivulini, mpaka karibu na namba yako. Isukume majini, iache itulie robo saa hadi nusu saa. Kisha pima tena, ongeza kilichopungua, ndipo uweke abiria. Mkirudi mchana na kuivuta juu ya mchanga, punguza upepo kidogo kila chumba kabla hujaenda kula. Kama una turubai, ifunike. Dakika tano hizo zinakuokolea mishono ya miaka.

Na kwa sababu hiyo hiyo, ukiikuta asubuhi imelegea, usikimbilie kumwita fundi. Usiku umeipoza. Ukitaka kujua kama inavuja kweli, andika namba ya asubuhi leo, na kesho pima saa ile ile, ikiwa pale pale. Namba ikiwa imeshuka wakati joto ni lile lile, hapo kuna pa kutafuta. Chukua maji ya sabuni, paka kwanza kwenye vali, kisha kwenye maungio, na uangalie povu linapochemka. Anza na vali, narudia, anza na vali. Punje ya mchanga ikikaa chini ya mpira wa vali inatosha kukupotezea upepo usiku kucha, na kuna watu wamebandika viraka sita kwenye boti isiyo na tundu.

Boti mpya nayo ina tabia yake. Siku za kwanza kitambaa kinatanuka kidogo na presha inashuka. Ongeza, pima, usiogope.

Sasa mpangilio wa vyumba. Hapa vijana wengi wanakosea na hawajui kama wamekosea, kwa sababu madhara hayaonekani nje.

Boti nyingi za mita 3 au 4 zina vyumba vitatu kwenye mabomba: cha omo, cha kulia, cha kushoto, na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya boti, unajazwa peke yake. Kati ya chumba na chumba kuna ukuta wa kitambaa. Ukuta huo umewekwa ili chumba kimoja kikitoboka, vingine vikubebe mpaka nchi kavu. Lakini ukuta huo hautakiwi kubeba presha yote ya upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mtupu. Wewe ukijaza cha kushoto mpaka mwisho, cha omo kikiwa hakina kitu, unausukuma ukuta peke yake. Unavutika. Siku moja unaachia, kimya kimya, ndani kwa ndani.

Nimeiona boti ya namna hiyo. Nje safi kabisa, inang'aa. Mwenyewe alikuja na malalamiko mengine, anasema vali ya kulia inagoma. Nikaanza kujaza chumba cha omo, nikaweka mkono kwenye cha kulia ambacho sijakigusa. Kikawa kinakaza! Kila nikikanyaga pampu, vyote viwili vinapanda. Ukuta wa ndani ulikuwa umekwisha kuachia. Mtu yule alikuwa anabeba abiria akiamini ana vyumba vitatu, kumbe ana viwili, na kimoja ni zaidi ya nusu ya boti. Kipimo hicho kifanyeni leo hii nyumbani: jaza kimoja kidogo tu, kamata cha jirani. Cha jirani kikikaza, boti isitoke.

Basi jaza kwa mzunguko. Kila chumba kipate upepo wa kukipa umbo, usikaze. Rudi, kila kimoja nusu. Rudi tena, kila kimoja mpaka namba yake, kwa geji. Boti yenye mbao za sakafu, mbao zikae sawa kabla mabomba hayajakaza, na mkuku uje mwisho. Mfuniko wa vali ufungwe, maana ndio unaozuia mchanga, na vali ikichoka, mfuniko ndio unaobaki kukushikia upepo. Kutoa upepo nako ni hivyo hivyo, kidogo kidogo kwa mzunguko.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona.

Nje kuna boti mbili tumezitandika, moja kivulini chini ya mwembe, nyingine juani tangu asubuhi. Zote zilijazwa saa moja asubuhi kwa geji moja, bar 0.20, na hakuna aliyezigusa tena. Tunaenda kuzipima sasa hivi, kila mmoja asome kwa macho yake, kisha tunazisukuma majini na kuzipima upya. Mama zangu, na ninyi njooni, geji haichagui. Vijana wawili mlioketi nyuma kabisa, ninyi mtashika pampu ya mguu. Wengine tutasoma namba kwa sauti, na mwenyekiti ataziandika.